Mbwa Mwenye Adabu wa Mahongole

Juzi jioni jirani yangu hapa Njombe, kijana mwalimu aliyehamia mtaani kwetu mwaka huu, aligonga geti akiwa amekumbatia kitu ndani ya sweta. Nilidhani ni mkate anaukinga na mvua. Kumbe alikuwa mtoto wa mbwa, mweusi, pua imelowa, anatetemeka kwa baridi.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu," alisema. "Nimepewa huyu na mzazi mmoja wa shuleni, na mimi sijawahi kufuga hata paka. Nimeambiwa wewe ulikulia na mbwa. Nianze kumfundisha nini?"

Nilimjibu nilivyoweza. Nilimwambia aanze na jina tu, mengine yangoje. Alishukuru, akavuka barabara akikwepa madimbwi. Mimi nilirudi ndani, nikakaa jikoni, na chai niliyokuwa nimejimiminia ikapoa mbele yangu mpaka ikafanya utando. Swali lake lilikuwa limenirudisha Mahongole, kule Makambako, kwenye nyumba ya bibi yangu, ambako mimi mwenyewe nilikuwa mtoto nisiyejua lolote, nimeshika mtoto wa mbwa, nauliza swali lile lile.

Wewe kama umewahi kupita Makambako unaujua ule upepo. Kwetu ulikuwa kama mtu wa nyumbani. Ulivuma mchana kutwa, ukapiga mabati ambayo bibi aliyakandamiza kwa mawe, ukaleta mngurumo wa malori yanayobadilisha gia kule barabara kuu. Ukigeuka, ulileta honi ya treni. Ndani ya nyumba kulikuwa na harufu ya moshi wa magunzi, maana bibi hakuwa mtu wa kupoteza kuni wakati magunzi yapo. Asubuhi tulikula viazi vya kuchemsha na chumvi, chai ya rangi yenye tangawizi nyingi hadi koo linawasha. Jioni makande. Mama yangu alikuwa ameolewa tena, huko Tandala, na nilimwona mara chache. Mtu wangu alikuwa bibi.

Na mali ya bibi ilikuwa kuku. Mayai yale ndiyo yalikuwa sabuni yetu, chumvi yetu na daftari zangu za shule. Kwa hiyo mwaka kicheche alipoanza kuingia bandani, bibi alizeeka ghafla. Kila asubuhi alitoka na khanga yake begani, akahesabu kuku kwa midomo bila sauti, kisha akahesabu tena. Nilijua amekosekana mwingine.

Jirani yetu upande wa pili wa ua alikuwa mama mmoja mjane aliyefuga nguruwe. Alikuja kuolewa huku akitoka Ludewa, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, mwenye kusema maneno machache. Mbwa wake jike alikuwa amezaa. Asubuhi moja ya baridi kali, nyasi zimekuwa nyeupe kwa jalidi, alisimama uani akaita salamu ya kwetu, "Kamwene!" Bibi alipoitikia, jirani aliweka chini mtoto wa mbwa mwenye rangi ya udongo, na doa moja jeupe mgongoni kama mtu amemdondoshea uji.

"Mama, huyu atakusaidia na kicheche," alimwambia bibi.

"Huyu? Huyu kicheche atambeba pamoja na kuku."

"Atakua."

Bibi alinitazama. Nilikuwa tayari nimepiga magoti. "Nimekubali kwa sababu ya kicheche," aliniambia, "si kwa sababu ya hayo macho yako." Tukamwita Doa.

Siku ile ile, akimenya viazi, bibi alitoa masharti. Kuku wa kijivu alikuwa analalia mayai. Kabla vifaranga havijatoka, alisema, mbwa huyu awe anakuja akiitwa, anakaa akiambiwa, hagusi yai wala kifaranga, na anabaki nyumbani sisi tukienda kanisani. Kulikuwa na mbwa wa familia moja aliyewafuata wenyewe mpaka ndani ya kanisa, akalala chini ya benchi la wazee wa usharika, na bibi aliendelea kuona aibu kwa niaba yao mpaka siku ile. "Akishindwa anarudi alikotoka," alimalizia, na kisu chake kikaendelea kuzunguka kiazi.

Nilianza jioni ile. Rafiki yangu, ungeniona ungecheka. Nilisimama mbele ya kiumbe kisichoweza hata kupanda kizingiti, nikanyoosha kidole kama mwalimu wetu wa darasa, nikaamuru: njoo, kaa, usiguse, baki! Doa akatikisa mkia akala kamba ya kiatu changu. Kesho yake nikarudia kwa sauti ya juu zaidi. Bibi naye alimwita kwa Kibena. Mimi nilichanganya Kiswahili na kale ka-Kiingereza ka shuleni, "sidauni, sidauni," maana nilidhani mbwa wote wanakijua. Baada ya siku chache alikuwa ameacha kutugeukia kabisa, kama mtu anayeishi karibu na mashine ya kusaga.

Jirani alikuwa akitutazama kutoka kwenye banda la nguruwe. Mwishowe aliweka ndoo chini, akaja.

"Unataka ajue nini, mwanangu?"

Nikamtajia yote.

"Unataka ajue hayo lini?"

"Kabla vifaranga havijatoka."

Hakucheka. Alimgeukia bibi aliyekuwa anapepeta maharage. "Mama, huyu mjukuu wako ulimfundisha kutembea, kuchota maji na kusali kwa wiki moja?"

Bibi alipepeta kidogo, kisha akasema, "Basi sema wewe."

Hapo ndipo walipokubaliana, watu wazima wawili juu ya ungo wa maharage, huku mimi nikisikiliza kama kesi yangu inaamuliwa. Vifaranga vikitoka, Doa awe anajua jina lake na kuja akiitwa, basi. Mpaka hapo, kuku wa kijivu afungiwe. Mvua za kupandia zikianza, awe ameacha kufukuza kuku. Krismasi ikifika, aweze kubaki mlangoni sisi tukiondoka. Jambo moja likishika ndipo lifuate lingine. Na wote tutumie neno moja, njoo liwe njoo.

Jirani alinionyesha namna. Nichukue ugali uliopoa, niukate vipande vidogo kama punje. Niseme jina lake mara moja. Akinitazama tu, nimpe. Nisimwombe zaidi ya hapo. Nifanye hivyo wakati bibi anangoja maji ya ugali yachemke, na yakichemka niache, hata kama Doa bado anataka. "Mwache akiwa na hamu," aliniambia. "Kesho atakuja mwenyewe kukuuliza."

Na kweli, alikuja mwenyewe. Kesho yake maji yalipowekwa jikoni alikuwa tayari amekaa karibu na sufuria, ananitazama usoni. Sijui kama nimewahi kutazamwa vile tena. Nilikuwa mtoto ambaye shuleni hanyooshi mkono, ambaye mama yake yuko mbali, na pale kulikuwa na kiumbe kinachosubiri nitakachosema.

Lilitokea jambo moja katikati. Doa alivuta khanga ya bibi kutoka kwenye kamba, ile ya kanisani, akaiburuza kwenye matope. Bibi alitoka na mwiko nyuma ya mgongo. Akaita kwa sauti tamu, "Doa, njoo. Njoo, Doa." Doa akaja mbio, masikio yamelala nyuma kwa furaha, na mwiko ukamshukia. Akakimbia akilia.

Jirani alikuwa ameona. Alikuja taratibu, akamwamkia bibi kwa heshima zote, kisha akasema, "Mama, leo umemfundisha kukimbia."

"Amechafua khanga yangu."

"Yeye khanga alishaisahau. Anachokumbuka ni kwamba aliitwa, akaja, akapigwa. Ukitaka kumkemea, mfuate aliko. Ila akija kwako, hata kama amekula ng'ombe mzima, mpokee."

Bibi aliokota khanga yake akaingia ndani. Kwa siku kadhaa Doa aliposikia "njoo" alisimama mbali, mguu mmoja juu, anatupima. Nikajua tumempoteza. Kisha jioni moja nilimkuta bibi amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, hajui kwamba namwona. Alikuwa na dagaa kiganjani. "Njoo," alikuwa anasema, kwa sauti ndogo ya kubembeleza ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Njoo basi. Njoo, mzee mwenzangu." Alikaa pale mpaka moto ukafifia. Doa akaja akitambaa kwa tumbo, akala dagaa, akalaza kidevu chake juu ya miguu ya bibi iliyopasuka kwa baridi. Kuanzia siku hiyo mwiko ulibaki wa ugali tu.

Vifaranga vikatoka, na Doa alikuja akiitwa. Mvua zikaanza, na akapita katikati ya kuku kama mzee anayepita sokoni, hageuki huku wala huku. Kicheche alikuja usiku mmoja tu wa mvua, na kilichobaki asubuhi kilikuwa manyoya yake. Krismasi tulivaa, tukafunga mlango, nikamwambia Doa, "Baki." Nilitembea nikitazama nyuma mpaka shingo ikauma. Alikuwa amekaa mlangoni, wima, upepo unampeperusha masikio. Tuliporudi bado alikuwa pale. Bibi alimpa mguu wa kuku kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, mbele ya wageni, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyu ana adabu kuliko wajukuu wa watu fulani." Nilicheka mpaka machozi. Sikujua kwamba ile ndiyo ilikuwa siku yetu bora, kwamba kutoka pale ni kushuka tu.

Mwaka uliofuata homa ya nguruwe iliingia mtaani. Nguruwe wa jirani walikufa wote, mmoja baada ya mwingine, na mabwana mifugo wakaja wakasema wafukiwe. Alichimba shimo mwenyewe. Tulimsikia siku nzima, jembe na pumzi. Baada ya hapo hakusimama tena uani kuita.

Kisha baridi ikaja, na bibi akaanza kukohoa. Mwanzoni alisema ni moshi wa magunzi. Akaacha kwenda shambani, akaacha kwenda kanisani, mwishowe akaacha kwenda bandani, akawa ananiuliza mimi kuku wanaendeleaje. Mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Njombe alikuja na gari la kukodi kumpeleka hospitali. Doa alifuata mpaka barabarani. Bibi alishusha kioo kwa shida. Nilidhani anataka kuniaga mimi. Alimtazama mbwa akasema, "Baki." Doa akakaa pale pale kwenye vumbi. Gari likaondoka.

Bibi alirudi ndani ya jeneza.

Sitakusimulia msiba wote. Nitakuambia tu kwamba kuku wote walichinjwa kulisha waombolezaji, pamoja na kuku wa kijivu, na mimi ndiye niliyetumwa kuwakamata kwa sababu walikuwa wamenizoea. Doa alikaa pembeni ya banda akitazama, hakugusa hata unyoya. Watu walimsifu. Wageni kutoka Makete waliwaita wenzao waje kumwona: ukimwambia kaa anakaa, ukimwambia baki anabaki, nyama iko mbele yake na hainusi. Nilisimama karibu naye nikijisikia fahari kidogo, katikati ya huzuni ile. Nilikuwa mtoto. Nilidhani sifa ni ulinzi.

Kati ya waliokuja kutoa pole alikuwapo mzee mwenye kiwanda cha mbao. Alimtazama Doa kwa muda mrefu, kisha akazungumza na mjomba chini ya ukuta. Siku ya kuanua matanga mjomba aliniita.

"Mimi nakuchukua twende Njombe," alisema. "Utasoma kule. Nyumba hii tutapangisha."

"Na Doa?"

"Nyumbani kwangu hapana nafasi ya mbwa, mke wangu hawezi kufuga. Lakini usiwe na wasiwasi, amepata pa kukaa. Mzee wa mbao amempenda mwenyewe. Mbwa mwenye adabu namna hii hakosi pa kwenda."

Nilikimbia kwa jirani. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha banda tupu. Nilimwambia yote kwa mkupuo, nikamwomba amchukue yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi nimebaki na mbwa ambao hawana cha kulinda," alisema. "Nitawalisha nini? Mimi mwenyewe narudi kwetu Ludewa kabla ya mvua." Akanishika mikono yangu miwili ndani ya ile mikono yake mikubwa. "Ulimfundisha vizuri. Sijawahi kuona mtoto aliyefundisha vizuri hivyo."

Nimelifikiria neno lile maisha yangu yote. Laiti angekuwa mwizi wa mayai. Laiti angekuwa mbwa wa kukimbia akiitwa, wa kuingia kanisani, wa kuuma wageni, hakuna ambaye angemtaka, na labda jirani angemwachia tu uwanja wake, naye angeishi kama mbwa wengine wa Makambako wanavyoishi, huku na huku, lakini huru.

Mtu wa kiwanda alikuja na kamba. Haikuhitajika. Alisema "njoo," na Doa akaenda.

Likizo ya kwanza mjomba alikuwa na safari ya Makambako kuonana na wapangaji. Nilimsihi anichukue, na njiani nikamsihi tupitie kiwandani. Alikubali kwa kuchoka. Nilikuwa nimechemsha viazi asubuhi, nikavifunga kwenye mfuko.

Kiwanda kilikuwa nyuma ya barabara kuu, uwanja mkubwa wa mbao za paini zilizopangwa kwenda juu, vumbi la msumeno linapeperuka hadi mdomoni. Kabla hatujafika getini tulimsikia. Sikuitambua sauti yake. Kisha nikaona lile doa jeupe, limekuwa la kijivu kwa uchafu, na mnyororo uliofungwa kwenye nguzo ya chuma. Alikuwa anajirusha kuelekea kwetu, mnyororo unamrudisha, anajirusha tena, povu mdomoni.

"Usisogee, binti," mlinzi aliniambia. "Huyo ni mkali."

"Doa," niliita. "Doa, njoo."

Akanyamaza. Rafiki yangu, alinitambua. Nitakufa nikiamini hivyo. Masikio yalisimama, na kwa muda mfupi alikuwa na uso ule ule wa karibu na sufuria, ule wa kusubiri nitakachosema. Kisha mkia ukaingia katikati ya miguu. Akarudi nyuma, tumbo chini, mpaka mnyororo ukanyooka wote, akajisokomeza nyuma ya pipa. Nikaona tu ubavu wake unavyopanda na kushuka.

Nilimuuliza mlinzi amefanywa nini. Hakuwa mtu mbaya. Alinijibu kama mtu anayeeleza kazi.

"Alipoletwa hakuwa na faida. Yeyote akimwita anakwenda. Anakaa, anamwangalia mtu mkononi. Wezi wangebeba mbao na yeye wangembeba. Basi bosi akasema afundishwe."

"Alifundishwaje?"

"Anaitwa na watu asiowajua. Akija, anapigwa. Mpaka akaacha kuja." Aliona uso wangu, akashusha sauti. "Sasa hivi hata mimi ninayemlisha siwezi kumwita. Nasukuma sufuria kwa fimbo."

Mjomba alitazama saa. Niliviweka viazi chini, karibu kadiri mlinzi alivyoniruhusu, nikangoja. Nyuma ya pipa hakukutikisika kitu. Nilisema "Doa" mara nyingine, taratibu, kwa sauti ile ya bibi ya nyuma ya jiko. Nikamwona anazidi kujikunja. Kila nilipomwita nilikuwa namuumiza, basi nikaacha kumwita. Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho nililomfanyia.

Likizo zilizofuata mjomba hakukubali tena nifuatane naye. Nyumba ya bibi iliuzwa kabla sijamaliza sekondari. Aliyenunua aliivunja, akajenga ya matofali ya saruji yenye geti, na mabati yake yamepigiliwa vizuri, hayana haja ya mawe. Ua wa jirani ulishalimwa ukawa shamba la mahindi, na Ludewa ni kubwa, sikujua nimtafute kijiji gani. Mama yangu alikwisha fariki. Mjomba anasema hamkumbuki mbwa yeyote. Wajukuu wa watu wa mtaa ule wananiamkia kwa Kiswahili safi na hawajui mimi ni wa nani.

Mwaka jana nilikwenda Makambako kununua mabati, na nilipomaliza miguu ikanipeleka nyuma ya barabara kuu bila mimi kuiambia. Kiwanda hakipo. Pamejengwa vyumba vya kupangisha, mlango kwa mlango, nguo zimeanikwa na upepo unazipiga. Nilikuta mama mmoja kijana anafua kwenye beseni. Nilimsalimu, nikamuuliza kama ana habari za kiwanda cha mbao kilichokuwa hapo, na mbwa aliyekuwa amefungwa kwenye nguzo, wa rangi ya udongo.

Alijifuta povu mikononi, akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyechanganyikiwa na safari.

"Labda umekosea mtaa, mama," alisema. "Hapa hapajawahi kuwa na mbwa."